Bata Bukini wa Toulouse na Waliomnenepesha

Bata bukini wa Toulouse ni ndege wa kufugwa anayetoka kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika mashamba yanayouzunguka mji wa Toulouse kwenye bonde la mto Garonne. Ni miongoni mwa mabata bukini wakubwa kuliko wote wanaofugwa duniani. Kwa vipimo vya maonyesho ya Marekani, dume aliyekomaa hutakiwa awe na kilo 11.8 na jike kilo 9. Rangi yake ni kijivu. Mgongoni kijivu hicho kimekoza, na kila unyoya una ukingo mwembamba unaokaribia weupe, hivyo ubavu mzima huonekana umechorwa mistari. Kifuani rangi hufifia, na kuanzia tumboni hadi chini ya mkia huwa nyeupe kabisa. Mdomo na miguu ni ya rangi ya chungwa. Manyoya ya shingo yamejipanga kwa matuta na mifereji inayoshuka kutoka kichwani, nayo huonekana waziwazi ndege anapoinua kichwa kusikiliza.

Kinachomtenga na wenzake, lakini, ni ngozi. Chini ya mdomo huning'inia ngozi legelege inayoshuka hadi sehemu ya juu ya shingo. Hiyo ndiyo ngozi ya kidevu, alama inayotazamwa kwanza na kila mfugaji. Kifuani pana mkunjo mwingine, mrefu na mzito, unaoendelea nyuma hadi kukutana na mikunjo miwili ya tumbo inayolala katikati ya miguu. Ndege aliyenawiri akisimama, kiwiliwili chake hulala sambamba na ardhi, na akitembea mikunjo hiyo huburuza majani. Hazaliwi na ngozi hiyo. Kifaranga huanguliwa akiwa na manyoya mororo ya kijivu, kidevu chake kikiwa laini kama cha kifaranga mwingine yeyote, na ngozi huanza kushuka kadiri anavyokua. Umbo kamili huchukua miaka miwili hadi mitatu kutimia.

Hata hivyo, jina la Toulouse halibebwi na ndege mmoja. Huko Ufaransa lipo umbo la shambani lisilo na ngozi ya kidevu, jepesi zaidi na lenye mwendo wa haraka. Lipo umbo zito la maonyesho, lililofikia kilele chake mikononi mwa Waingereza. Na Marekani lipo umbo la tatu, la kijivu na la wastani, linalouzwa kwa wingi kwa ajili ya nyama. Wote watatu wana nasaba moja. Tofauti zao zimetokana na walichotakiwa kutoa: ini, sura au nyama.

Babu yao ni bata bukini wa kijivu wa porini, Anser anser, anayeishi Ulaya na Asia na ambaye wengi wa jamii yake huhama kwa majira. Uzito wake ni kilo 3 hadi 4, yaani yapata theluthi moja ya uzito wa mjukuu wake. Huyu ndiye ndege ambaye Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria, alimtumia katika miaka ya 1930 kuonyesha jinsi kifaranga anavyomfuata kiumbe wa kwanza anayemwona akitembea mbele yake baada ya kuanguliwa. Lakini kwa historia ya Toulouse, tabia iliyo muhimu zaidi ni nyingine. Kabla ya safari ya kuhama, ndege wa majini wa aina hii hula kupita mahitaji yao, na ziada hugeuzwa mafuta na kuwekwa akiba chini ya ngozi na ndani ya ini. Wakiwa angani, akiba hiyo huliwa na misuli, na ini hurudi katika ukubwa wake wa kawaida. Mwanadamu alipomchukua ndege huyu na kumfuga, alimpunguzia uwezo wa kuruka bila kumwondolea uwezo wa kuweka akiba. Mafuta yakabaki mwilini, yakimngoja mpishi.

Watu waligundua jambo hilo zamani sana. Katika makaburi ya Saqqara nchini Misri, yaliyochongwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kuna michoro ya watu waliowashika mabata bukini shingoni na kuwasukumia madonge ya chakula kooni. Warumi waliwalisha ndege hao kwa tini. Plinio Mkubwa, aliyeandika katika karne ya 1 BK, aliona suala la nani aliyeanza kulinonesha ini kuwa lenye uzito wa kutosha hata akawataja wawili waliopewa sifa hiyo, na akaeleza kwamba ini lililotolewa lilirowekwa katika maziwa na asali ili livimbe zaidi. Ni yeye pia aliyestaajabu kwamba makundi ya mabata bukini yaliswagwa kwa miguu kutoka nchi ya Wamorini, kwenye pwani ya kaskazini mwa Galia, hadi Roma kwenyewe. Galia kwa sehemu kubwa ndiyo Ufaransa ya leo, na habari hiyo yaonyesha kwamba ufugaji wa mabata bukini ulikuwa biashara kubwa kabla ya Ufaransa kuwa nchi.

Baada ya dola ya Roma kuanguka, bata bukini alibaki katika kila shamba lililojiweza. Maagizo yaliyotolewa mnamo mwaka 800 hivi kwa ajili ya mashamba ya kifalme, enzi za Karolo Mkuu, yalitaka kila shamba kuu liwe na kuku wasiopungua 100 na mabata bukini wasiopungua 30, na mashamba madogo yawe na kuku 50 na mabata bukini 12. Walihitajika kwa nyama, kwa mafuta, kwa manyoya ya magodoro, na kwa manyoya ya mabawa yaliyochongwa kalamu. Jamii za Kiyahudi katika Ulaya ya kaskazini ziliwategemea kwa sababu ya pekee: sheria ya dini iliwakataza nguruwe, ikawakataza pia kupika nyama kwa siagi, na zeituni haikumea huko. Mafuta ya bata bukini yalijaza pengo hilo, na ini likaja pamoja nayo.

Mji wa Toulouse nao ulikuwa na bata bukini wake wa hadithi. Wenyeji walisimulia habari za malkia mwenye miguu ya bata bukini, na mabaki ya mfereji wa maji wa Kirumi uliovuka mto Garonne yaliitwa daraja la malkia huyo. François Rabelais alimtaja katika karne ya 16 kama mtu ambaye wasomaji wake walimjua tayari. Hadithi haithibitishi kwamba mbegu ya ndege ilikuwa imekwisha kujitenga wakati huo, lakini inaonyesha jinsi ndege huyu alivyokuwa karibu na mawazo ya watu wa mji.

Mbegu yenyewe ilijengwa na mahindi. Katika karne ya 15 na ya 16, eneo la Lauragais, yaani tambarare na vilima vilivyo kati ya Toulouse na Castelnaudary, lilitajirika kwa mmea ambao majani yake yalitoa rangi ya buluu ya kutia nguo. Wafanyabiashara wa rangi hiyo walijenga majumba ya matofali ambayo bado yanasimama Toulouse. Mmojawapo, Pierre d'Assézat, alianza kulijenga lake mwaka 1555. Kisha vita vya kidini vilivyoanza mwaka 1562 vikavuruga biashara, na nili kutoka ng'ambo ikaiondoa kabisa ile rangi ya kienyeji sokoni. Mashamba yakarudi kwenye ngano. Katika karne ya 17 mmea mwingine ukaingia, ukiwa umetoka Amerika kupitia Hispania: mahindi, yaleyale ambayo Wareno waliyaleta pwani ya Afrika Mashariki.

Mahindi yaligawanya chakula cha Lauragais mara mbili. Ngano ilikuwa ya soko na ya mwenye ardhi. Baada ya Mfereji wa Kusini kufunguliwa mwaka 1681, majahazi yaliichukua hadi Bahari ya Kati. Mkulima na watoto wake walibaki na mahindi, wakiyasonga kuwa chakula kizito kiitwacho millas, ambacho mtu wa Afrika Mashariki angekitambua mara moja kuwa ni ndugu wa ugali. Punje zilizobaki zilikwenda kwa ndege. Na hapo pakaonekana jambo ambalo tini na madonge ya unga havikuwahi kulifanya kwa urahisi huo: punje ya mahindi, yenye wanga mwingi, ilimnonesha bata bukini upesi, na ilipatikana kwa wingi wakati wa mavuno, majira yaleyale ambayo mwili wake ungekuwa unajiandaa kwa safari.

Kazi ya kunonesha ilikuwa ya wanawake. Mabata bukini walichungwa nje majira yote ya joto, wakila majani na masazo ya mavuno, mara nyingi chini ya uangalizi wa mtoto. Baridi ilipoanza, waliingizwa bandani, na kwa muda wa wiki tatu hivi mwanamke wa nyumba aliwalisha mara tatu au nne kwa siku. Aliketi kwenye kigoda, akambana ndege kati ya magoti, akainyoosha shingo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaingiza kooni faneli ya bati. Ndani yake alitia mahindi yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo na mafuta kidogo, kisha akayateremsha kwa kulisugua koo kwa nje kutoka juu kwenda chini. Faneli za baadaye zilikuwa na parafujo ndani, iliyozungushwa kwa mpini, ili punje zishuke bila kukwama. Kabla ya kila mlo alilipapasa koo. Akikuta punje za mlo uliopita bado zimejaa, alimwacha ndege huyo hadi zamu iliyofuata, kwa maana kumlazimisha kungemuua na ini lingepotea. Ujuzi wote ulikuwa kwenye vidole, na msichana alifunzwa na mama yake au na mama mkwe.

Ini la kawaida la bata bukini lina gramu 100 hivi. Lililononeshwa kwa njia hii hufikia gramu 700, na mara nyingine hukaribia kilo moja. Hulegea, hugeuka rangi kuwa ya maziwa yenye manjano kwa mbali, na sehemu yake kubwa huwa mafuta. Hilo ndilo ini nono ambalo Wafaransa huliita foie gras. Lilipelekwa sokoni, na fedha yake kwa desturi ilikuwa ya mwanamke. Katika masoko ya majira ya baridi ya Gimont na Samatan, wilayani Gers, maini yalipangwa juu ya vitambaa vyeupe, na wanunuzi walisubiri nyuma ya kamba hadi ishara ilipotolewa ndipo wakayakimbilia.

Kilichobaki kilikuwa cha nyumbani, na hakuna kilichotupwa. Mapaja, mabawa na kifua vilitiwa chumvi usiku kucha, vikapikwa polepole katika mafuta ya ndege mwenyewe, kisha vikapangwa kwenye mitungi ya udongo na kufunikwa kwa mafuta hayo. Yakiganda, hewa haikupita, na nyama ilidumu hadi mavuno ya mwaka uliofuata. Shingo ilivuliwa ngozi yake, ikajazwa nyama ya kusaga na kushonwa. Firigisi zilihifadhiwa, damu ikakaangwa kwa kitunguu saumu, vipande vya ngozi vilivyobaki baada ya kuyeyusha mafuta vikaliwa kwa mkate, na bawa kavu likawa ufagio wa kuondolea majivu jikoni. Mafuta ndiyo yaliyokuwa hazina halisi. Eneo hili liko mbali na zeituni za pwani, na halikuwa nchi ya ng'ombe wa maziwa wala siagi, kwa hiyo sufuria ya Toulouse ilipakwa mafuta ya bata bukini kila siku. Sahani inayoutambulisha mji huo hadi leo, cassoulet, ni maharage yaliyookwa pamoja na soseji na nyama hiyo ya mtungini. Huko Castelnaudary hutiliwa mkazo nguruwe, huko Toulouse bata bukini.

Mahitaji hayo yalimchagua ndege. Jike lililotulia bandani, lililokula bila kuhangaika, lenye koo pana na ngozi yenye nafasi ya kutanuka, ndilo lililoachwa kuwa koo la mwaka uliofuata. Lenye kukimbia, lenye kukonda na lenye fujo liliingia chunguni mapema. Uchaguzi wa namna hiyo, ukifanywa katika maelfu ya nyua kwa zaidi ya karne moja, hutengeneza mbegu bila mtu yeyote kutangaza kwamba anaitengeneza. Vitabu vya ufugaji humtaja bwana mmoja wa Kiingereza kila vinapoeleza historia ya Toulouse; wanawake wa Lauragais na Gers havina jina lao hata moja. Haki ni kusema kwamba kazi ilikuwa imekwisha kufanywa nao kabla ya bwana huyo kumnunua ndege wake wa kwanza.

Biashara ya ini ilipanuka katika karne ya 18 na ya 19. Huko Strasbourg, upande wa pili wa Ufaransa, mpishi Jean-Pierre Clause aliyemtumikia mkuu wa jeshi wa Alsace alitia ini zima ndani ya unga wa kuoka mnamo mwaka 1780 hivi, na andazi hilo likawa zawadi ya kifalme. Strasbourg ilitumia ndege wa kwake, mdogo zaidi. Kusini-magharibi ilinufaika na uvumbuzi mwingine: mwaka 1810 Nicolas Appert alichapisha njia yake ya kuhifadhi chakula kwa kukifunga katika chupa na kukichemsha, na serikali ikamtuza faranga 12,000. Ini lililowahi kuuzwa majira ya baridi tu, tena karibu na lilikotoka, sasa liliweza kufika Paris na London mwezi wowote.

Bwana wa Kiingereza aliyetajwa ni Edward Smith-Stanley, Lord Derby wa 13. Kwenye shamba lake la Knowsley karibu na Liverpool alikuwa na bustani ya wanyama iliyosifika Ulaya nzima, na Edward Lear aliajiriwa huko kuwachora ndege na wanyama wake. Yeye ndiye anayesemwa kuwaingiza Uingereza mabata bukini wa Toulouse, mwaka 1840. Alikuwa pia rais wa Jumuiya ya Zuolojia ya London, na ni katika bustani ya jumuiya hiyo ambapo maonyesho makubwa ya kwanza ya ndege wa kufugwa yalifanyika mwaka 1845. Waingereza walikuwa wamezoea kuchoma bata bukini katika sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwezi Septemba na tena wakati wa Krismasi, na ndege mkubwa mwenye kupenda kunenepa aliwavutia papo hapo. Wakulima walimpandisha kwa bata bukini mweupe wa Embden, kutoka Ujerumani, wakapata machotara wazito wa sokoni. Wapenzi wa maonyesho, kwa upande wao, walitaka damu safi.

Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, alieleza kwa nini bata bukini amebadilika kidogo kuliko wanyama wengine wa kufugwa: alithaminiwa kwa nyama na manyoya pekee, na watu hawakuwa wameona raha ya kuonyesha aina mbalimbali. Maelezo hayo yalikuwa sahihi kwa karne zilizotangulia. Lakini wakati Darwin anaandika, raha hiyo ilikuwa tayari imeanza nchini mwake. Mwaka 1865 kilitoka kitabu cha kwanza cha vigezo vya ndege wa maonyesho nchini Uingereza, na Toulouse alikuwa ndani yake.

Kuanzia hapo mwili wa ndege ulifuata njia nyingine. Mwamuzi wa maonyesho hawezi kuona ini. Huona ukubwa, kina cha kifua, na ngozi. Ngozi ya kidevu, ambayo kwa mwanamke wa Gers haikuwa na faida yoyote ya jikoni, ikawa sifa ya kwanza ya damu safi, na wafugaji wakapandisha waliokuwa nayo nyingi kwa waliokuwa nayo nyingi. Mikunjo ya kifua na tumbo ikateremshwa hadi ardhini. Baada ya vizazi vichache Uingereza ilikuwa na ndege ambaye babu zake wa Garonne wangemtambua kwa rangi tu. Ufaransa yenyewe iliishia kuyakubali maumbo yote mawili katika vigezo vyake, lenye ngozi ya kidevu na lisilo nayo, na wakulima wakaendelea na lile la pili.

Marekani iliwapokea Toulouse katikati ya karne ya 19, na kitabu cha kwanza cha vigezo vya huko, cha mwaka 1874, kiliwaorodhesha pamoja na Embden, bata bukini wa Kichina na yule aitwaye wa Kiafrika. Huyu wa mwisho, licha ya jina lake, asili yake kuu ni bata bukini wa Asia ya mashariki mwenye nundu juu ya mdomo. Naye ana ngozi ya kidevu, jambo lililowafanya baadhi ya wafugaji kuamini kwamba amechanganyika na Toulouse. Mchanganyiko kama huo unawezekana: mwaka 1880 Darwin alichapisha katika jarida la Nature habari za machotara wa bata bukini wa Ulaya na wa Kichina waliozaana wao kwa wao na kupata vifaranga. Rangi ya pili ya Toulouse, ya hudhurungi hafifu, ilikubaliwa Marekani mwaka 1977.

Mashamba ya Marekani yalijitengenezea ndege wao wa nyama. Kwao ngozi ndefu ilikuwa mzigo: hushika matope, hupunguza mwendo, na ndege mzito hutaga mayai machache yenye rutuba ndogo. Wakarudi kwenye umbo jepesi la kijivu, linalokua upesi na kujitafutia majani. Ndilo linalosafirishwa kwa maelfu likiwa kifaranga wa siku moja. Hasara yake moja sokoni hutokana na rangi: ndege akinyonyolewa, mizizi ya manyoya ya kijivu hubaki kama vidoa vyeusi kwenye ngozi, na ndiyo maana viwanda vikubwa vya nyama hupendelea mabata bukini weupe.

Huko Ufaransa, mwisho wa utawala wa bata bukini ulitoka bandani mwenyewe. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wafugaji wa ini waligeukia chotara wa bata wa kawaida, aliyezaliwa na jike mweupe wa asili ya Peking na dume wa asili ya Amerika Kusini, yule mwenye vipele vyekundu usoni anayeonekana katika nyua nyingi za Afrika Mashariki. Hesabu ilikuwa rahisi. Bata chotara huhitaji milo miwili kwa siku na muda wa siku 10 hadi 14, ilhali bata bukini huhitaji milo mitatu au minne kwa wiki mbili hadi tatu. Upandishaji kwa mrija uliwezesha kupata machotara mwaka mzima. Bata bukini hutaga kwa majira. Leo zaidi ya asilimia 90 ya ini nono la Ufaransa ni la bata. La bata bukini hutoka zaidi Hungaria, na mashamba machache ya Kifaransa yaliyobaki hutumia hasa bata bukini wa kijivu wa Landes, ndugu wa karibu wa Toulouse asiye na ngozi ya kidevu.

Wakati huohuo lilizuka swali la ukatili, na si swali la kupuuzwa. Watetezi wa desturi husema kwamba ini lililononeshwa hurudi katika hali yake ndege akiachwa, na kwamba ndege wa porini hujinonesha mwenyewe. Yote mawili ni kweli, lakini ndege wa porini hula kwa hiari na hafikii kiwango hicho kamwe. Mwaka 1998 kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ilihitimisha kwamba ulishaji wa nguvu, kama unavyofanyika, unadhuru ustawi wa ndege. Mahakama Kuu ya Israeli iliamua dhidi yake mwaka 2003, na marufuku ya California ikaanza kutekelezwa mwaka 2012. Ufaransa ilikwenda upande wa pili: mwaka 2006 bunge lake liliandika katika sheria ya kilimo kwamba ini nono ni sehemu ya urithi wa utamaduni na mapishi ya taifa. Kwenye mabanda ya leo yenye mashine zinazosukuma mlo mzima kwa sekunde chache, kile kipimo cha zamani cha vidole vinavyolipapasa koo kimepoteza nafasi yake, na hoja ya urithi inadhoofika hapohapo.

Toulouse mwenye ngozi ya kidevu sasa yumo mikononi mwa wafugaji wachache wa Uingereza, Marekani na Ufaransa wanaompenda kwa ajili yake mwenyewe, na kumfuga ni kazi ya subira. Ni mpole, hana makelele mengi, na haendi mbali. Dume na jike hawatofautiani kwa rangi. Mfugaji hutegemea sauti, ya dume ikiwa nyembamba zaidi, au ukaguzi wa sehemu za siri. Kifaranga hapewi chakula chenye protini nyingi, kwa sababu akikua kwa kasi kuliko mifupa yake, miguu hulegea na bawa hupinda kuelekea nje. Ndege aliyekomaa hunyimwa nafaka majira ya baridi, asije akafika msimu wa kutaga akiwa amejaa mafuta tumboni na kushindwa kuzaa. Dume hupewa majike mawili tu, na maji ya kina cha kutosha kuwabeba, kwa maana uzito huwafanya wapandane vizuri zaidi wakielea kuliko wakiwa nchi kavu. Jike hutaga mayai 20 hadi 35 kwa mwaka, mengi yakiwa bila mbegu, na mara chache huatamia. Likiatamia huweza kuyavunja kwa uzito wake. Kwa hiyo mayai hukusanywa na kuwekwa chini ya bata bukini wa aina nyepesi au kwenye mashine, ambako huanguliwa baada ya siku 30 hivi.

Mfugaji mwangalifu hachagui koo lake mwaka huohuo. Vifaranga wanaoonyesha kidevu kikubwa mapema si lazima wawe bora, na wengine waliodharauliwa hujaza kifua katika msimu wao wa pili. Wote huachwa malishoni hadi umbo litulie, ndipo wanapopimwa, na wale waliobeba ukubwa huku wakitembea vizuri na kutaga mayai yenye mbegu huhifadhiwa kwa uzazi, hata kama ngozi yao si ndefu kuliko ya wengine.